Ekipe ya ndagala: namna ya kupima kamba, wavu na taa kabla ya kutoka usiku

UVIRA – Saa kumi na mbili ya jioni, giza likianza kuingia, mitumbwi ya ndagala inatoka Kalundu, Mulongwe na Kavimvira miwili miwili, imefungwa pamoja kwa miti. Baada ya muda taa zake zinaonekana mbali ku ziwa kama mji mwingine. Asubuhi wamama wanangoja pwani na beseni zao. Ekipe moja inaleta beseni zimejaa, ile iliyokuwa karibu nayo usiku mzima inaleta ndagala wa kula nyumbani tu.

Wengi wanasema ni bahati. Bahati ipo, hakuna mvuvi anayeikataa. Lakini sehemu kubwa ya ile tofauti inaanzia ku nchi kavu, mchana, wakati wa kupima kamba, kushona wavu na kupanga taa. Na anayeumia kazi ikiharibika si mwenye mitumbwi peke yake. Watu wa ekipe wanalipwa kwa mgao wa samaki. Usiku wa bure ni usiku bila mshahara, na deni la mafuta na batri linabaki pale pale. Ndagala wakikosekana, bei inapanda mpaka Kiliba, Runingu, Sange na Luvungi, ambako ndagala kavu ni mboga ya watu wanaoishi kwa mashamba.

Haya ni maelezo ya namna chombo hiki kinavyofanya kazi, na namna ya kukipanga ili kila kipande kisaidie kingine.

Samaki anayefuata mwanga

Ndagala wa Tanganyika ni samaki wa aina mbili. Mdogo, ambaye wataalamu wanamwita Stolothrissa tanganicae, hafiki urefu wa sentimita 11 na maisha yake ni ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Mkubwa, Limnothrissa miodon, anapenda kukaa karibu na pwani, hasa akiwa mtoto. Huyu wa pili watu wa Bukavu na Goma wanamjua kwa jina la sambaza: alitolewa Tanganyika na kupelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mchana ndagala wanashuka chini makumi ya mita, kujificha na mukeke na samaki wengine wanaowala. Usiku wanapanda wakifuata vidudu vidogo sana vya majini ambavyo ndivyo chakula chao. Taa inakusanya vile vidudu, ndagala wanafuata, kisha mukeke anafuata ndagala. Ndiyo maana wavu mmoja unaweza kuleta aina zote pamoja.

Hawawezi kushuka chini kabisa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1470 pale penye kina zaidi, na duniani linapitwa na Ziwa Baikal la Urusi peke yake. Lakini upande huu wa kaskazini hewa ya kupumua kwa samaki inakwisha karibu na mita 100. Chini ya hapo maji hayana oksijeni na samaki hawaishi. Ziwa lote linalotulisha ni ile tabaka ya juu.

Toka lusenga mpaka mitumbwi miwili

Zamani ndagala walivuliwa kwa lusenga, wavu wa mfano wa mfuko wenye mpini mrefu, mvuvi akisimama ndani ya mtumbwi mmoja huku moto wa kuni ukiwaka mbele. Katika miaka ya 1950 mambo mawili yalibadilika. Wagiriki waliokuwa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, walianza kuvua na meli za chuma na nyavu kubwa za kuzungushia. Na wavuvi wadogo walipata taa za presha pamoja na wavu wa kuinua, unaoshushwa katikati ya mitumbwi miwili na kupandishwa na samaki ndani yake. Zile meli za kiwanda zimekwisha kwetu huku kaskazini. Mitumbwi miwili imebaki. Kivu wanatumia mitatu, na miti yao ni mirefu zaidi, lakini kazi ni ile ile.

Mitumbwi na miti

Mitumbwi miwili ya ekipe inatakiwa kuwa na urefu mmoja na kukaa sawa mu maji. Mmoja ukiwa mzito kuliko mwenzake, upande wake unazama zaidi, na mdomo wa wavu nao unainama. Kwa hiyo kabla ya kufunga kitu chochote, iweke mitumbwi yote miwili mu maji matulivu bila watu, toa maji yaliyoingia, kisha angalia kwa macho ubao wa juu wa kila mmoja umebaki umbali gani toka maji. Batri, mafuta, moteri na chakula vipangwe kusawazisha uzito. Kosa la kawaida ni kuweka vitu vyote vizito upande ule wenye moteri.

Miti inayounganisha mitumbwi, mara nyingi mikaratusi, ifungwe kwa kamba mahali palepale pande zote. Pima toka mbele ya kila mtumbwi mpaka mti wa kwanza, kisha pima toka nyuma mpaka mti wa mwisho. Halafu pima kwa mshazari: toka mbele ya mtumbwi wa kuume mpaka nyuma ya mtumbwi wa kushoto, na kinyume chake. Vipimo hivyo viwili vikilingana, umbo limenyooka. Visipolingana, mitumbwi imekaa upande, na kamba za pembe moja zitakuwa zinavutwa zaidi kila usiku mpaka zikatike.

Kamba nne, kipimo kimoja

Wavu wa ndagala unafanana na mfuko mkubwa. Mdomo wake ni wa pembe nne, na chini unakuwa mwembamba. Pembe zinashikwa na kamba zinazopanda mpaka ku miti. Kuna ekipe zinazovuta kwa mikono, na kuna zenye mti wa kuzungusha mbele na nyuma, kamba ikijiviringisha juu yake. Namna yoyote, sheria ni moja: pembe zote zipande pamoja.

Sababu yake ni rahisi. Ndagala wakisikia wavu unatoka chini, wanakimbia pale penye nafasi. Pembe moja ikichelewa hata kwa mita mbili, pale panakuwa mlango. Kundi lote linaweza kutoka kabla mtu yeyote hajaliona.

Kamba mpya ya nailoni inanyooka ikivutwa. Ukikata kamba nne za urefu mmoja dukani, baada ya wiki moja hazitakuwa sawa tena, kwa sababu zile zilizobeba uzito zaidi zimeongezeka. Basi kabla ya kupima, zilowanishe usiku mzima, zifunge ku mti wenye nguvu, watu wawili wazivute pamoja mpaka zikaze. Hapo ndipo zipimwe, zote nne kwa mara moja, zikiwa zimelala pembeni ya nyingine. Weka alama ya uzi wa rangi kila pima tano, rangi moja ku kamba zote. Usiku, hata mtu akiwa na usingizi, ataona au atagusa alama na kusema amefika wapi.

Mti wa kuzungusha nao uangaliwe. Ukiwa umelika upande mmoja, kamba ya upande ule inaingia kidogo kwa kila mzunguko kuliko ile ya pili. Mizunguko ishirini baadaye tofauti inakuwa kubwa. Ulainishe, uupake mafuta pale unapozungukia, na usiruhusu kamba kupanda juu ya kamba nyingine, kwa maana mzunguko wa juu unavuta urefu zaidi.

Mawe ya pembeni yawe na uzito mmoja. Yapime ku mizani ya sokoni. Siku za mkondo wenye nguvu wavu unalala upande badala ya kusimama. Ongeza mawe, lakini ongeza ku pembe zote sawa sawa.

Jaribio la mchana ni hili: shusha wavu pima tano karibu na pwani, maji yakiwa matulivu, kisha pandisha kama usiku. Mtu mmoja asimame pembeni na kutazama. Pembe nne zikitokea juu ya maji kwa wakati mmoja, chombo kimekaa vizuri. Moja ikichelewa, fupisha kamba yake kidogo na urudie. Asubuhi moja ya kazi hii inaokoa usiku mingi.

Tundu la wavu

Wavu uliopasuka ushonwe kwa uzi wa unene uleule na tundu la kipimo kilekile. Kiraka cha tundu dogo kinafanya mfuko uwe mzito pale. Maji yanachelewa kutoka, wavu unavutwa upande mmoja, na ile kazi yote ya kupima kamba inapotea.

Hapo ndipo wengi wanaposhawishika kutumia chandarua. Kinapatikana kwa urahisi, na kinashika kila kitu. Lakini tundu lake halipitishi maji haraka, kwa hiyo wavu unapanda polepole na ndagala wakubwa wanapata muda wa kukimbia. Kinachobaki ndani ni watoto. Tena dawa ya mbu iliyo ndani ya vyandarua vile ni sumu kali kwa samaki. Na samaki wa mwaka mmoja akivuliwa kabla hajataga, hakuna atakayechukua nafasi yake msimu unaokuja.

Taa: hesabu kabla ya kuongeza

Taa za presha za petroli, yaani mafuta ya taa, bado zipo, lakini ekipe nyingi zimehamia taa za batri. Zina faida: haziogopi upepo, hazihitaji mafuta kila siku, na zinaweza kuzimwa moja moja. Hasara yake ni kwamba watu wanaongeza taa bila kuhesabu.

Hesabu yenyewe haihitaji fundi. Chukua taa 6 za wati 10 kila moja, zikiwaka saa 8: 6 mara 10 mara 8 ni 480. Batri ya volti 12 na ampea 100 inabeba 1200, lakini batri ya kawaida ya asidi haitakiwi kutumiwa kupita nusu, la sivyo inakufa mapema. Nusu ni 600. Kwa hiyo taa 6 zinaingia vizuri na akiba inabaki. Sasa ekipe iongeze mpaka taa 10: 10 mara 10 mara 8 ni 800. Batri inakamuliwa kila usiku, na baada ya miezi michache ni lazima kununua nyingine kwa deni. Kurudisha ile 480 kwa jua la saa 5 nzuri, pano ya wati 100 itakuwa inahangaika. Wati 150 inafaa, kwa sababu sehemu ya umeme inapotea njiani na kuna siku za mawingu.

Na mwanga mwingi hauongezi samaki kwa kipimo kilekile. Kinachosaidia zaidi ni mahali mwanga unapoelekea. Taa zote ziwe urefu mmoja juu ya maji, idadi moja kila upande, na kila moja iwe na kofia ya bati inayosukuma mwanga chini. Mwanga unaoingia mu macho ya wavuvi umepotea, tena unawafanya wasione kamba. Upande mmoja ukiwaka kuliko mwingine, kundi linakaa nje ya mdomo wa wavu.

Msimu wa mvua una jambo lake. Mito inayotoka milimani, Runingu ikiwa mmoja wao, inashusha matope ku Ruzizi, na Ruzizi inayamwaga kaskazini ya ziwa. Maji yakiwa ya rangi ya chai, mwanga haufiki mbali. Hapo kuongeza taa ni kuchoma batri bure. Afadhali kusogea kusini kidogo, penye maji safi.

Usiku wenyewe: subira na kuzima

Wavu ushushwe kabla taa hazijakusanya samaki, na ushuke chini kuliko pale kundi litakaposimama. Kisha ni kungoja, saa mbili, tatu au zaidi. Vidudu vinakuja kwanza, ndagala baadaye. Mtu mwenye uzoefu anawaona kama mvua ndogo inayocheza juu ya maji.

Hapo kazi ya kuzima inaanza. Taa za nje zizimwe kwanza, mbili mbili, moja kila upande, na kungoja dakika kadhaa kati ya kila mara. Kundi linajikusanya ku mwanga uliobaki. Mwisho inabaki taa moja katikati, juu ya wavu kabisa. Kuzima zote kwa haraka ni kuwatawanya.

Kuvuta kuanze polepole, ili kamba zisitikise maji, halafu kasi iongezeke wavu unapokaribia juu. Kapita ahesabu kwa sauti au ekipe iimbe, kila mkono uvute kwa mpigo mmoja. Wimbo wa wavuvi una kazi hiyo kabla ya kuwa wa kufurahisha. Alama za rangi zitaonyesha kama kuna aliyebaki nyuma. Akiwepo, wengine wamngoje pale pale, asilazimishwe kukimbia.

Wiki ya mwezi mkubwa taa ya mtumbwi haina nguvu mbele ya mwanga wa mbinguni. Ndiyo wiki ya kukaa pwani, kushona wavu, kupima kamba upya na kuchaji batri vizuri.

Upepo na mpaka

Mitumbwi iliyofungwa pamoja haikimbii haraka. Upepo wa kusini wa kiangazi, unaoanza karibu na mwezi wa tano, unasukuma mawimbi toka mbali, ziwa likiwa na urefu wa zaidi ya kilometa 600, na sisi tuko mwisho wake. Wakati wa mvua dhoruba inaweza kushuka toka milimani ndani ya nusu saa. Wavu ukiwa chini, unashika mitumbwi kama nanga isiyofika chini. Kwa hiyo ekipe ikubaliane mapema nani anatoa amri ya kupandisha wavu, na kama haupandi, nani ana kisu cha kukata kamba. Wavu unanunuliwa tena. Jile moja kwa kila mtu, na iwe imevaliwa. Ile iliyokaa chini ya batri haimwokoi mtu.

Kuna na mpaka. Kati ya Uvira na Bujumbura mstari wa nchi uko mu maji, na usiku hauonekani. Ekipe inayoelea na mkondo saa nane inaweza kuamka upande wa Burundi, na huko kuna hatari ya kukamatwa na kunyang'anywa vyombo. Simu yenye ramani, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuangaliwa kila saa, ni chombo cha kazi kama kamba.

Ziwa linalopumzika

Kuna jambo ambalo hata ekipe iliyopangwa vizuri hailiwezi peke yake. Mwaka 2003 watafiti walichapisha katika jarida la Nature kwamba maji ya juu ya Tanganyika yanapata joto, hayachanganyiki tena vizuri na maji ya chini yenye mbolea, na kwa hiyo chakula cha samaki kinapungua. Mwaka ule ule, tarehe 12 Juni, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulinda ziwa. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyozaliwa na mkataba huo, ina makao yake Bujumbura.

Katika miaka ya karibuni nchi hizo zimekubaliana kupumzisha ziwa miezi mitatu kila mwaka, toka tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Tanzania ilifunga upande wake kwa tarehe hizo mwaka 2024. Kwa watu wanaokula kile walichovua usiku uliopita, miezi mitatu ni mirefu, na malalamiko yao yana msingi. Ekipe inayojua kwamba kufungwa kunakuja inaweza angalau kujitayarisha: kuweka akiba kidogo ya kila mgao toka mwezi wa kwanza, kumaliza deni la batri kabla ya Mei, na kuhifadhi wavu mahali pakavu, mbali na jua na panya. Tangazo la kila mwaka linatolewa na serikali. Lisubiriwe toka huko, si toka uvumi wa pwani.

Siku ya kurudi ku maji, kazi ya kwanza ni ile ile: lowanisha kamba, zivute mpaka zikaze, zipime zote nne pamoja.